Eti aluminiamu ni nyepesi kwa hivyo haifai?

Mamangu anakaa Mji wa Kale, Mombasa, karibu na bahari mpaka ukiamka asubuhi unaonja chumvi mdomoni. Mwaka jana tulitoa madirisha yake ya chuma yalokuwa yameoza kwa kutu tukamwekea ya aluminiamu, na tangu siku hiyo kila mgeni akishika ile fremu lazima aulize, "Mbona nyepesi hivi, kweli itakaa?" Mi hii fikra kwamba kizito ndio imara inaniuma sana, maana watu wanamaliza pesa zao kwa ajili yake.

Kwa uzito ni kweli tofauti ni kubwa. Chukua mtungi wa lita 20, ule wa wauza maji wa mkokoteni. Ukijaa maji ni kilo 20. Ungejazwa aluminiamu tupu ingekuwa kilo 54, wawili mnaubeba kwa shida, na ungejazwa chuma ni kama kilo 157, hapo ushaita vijana wanne. Yani ukubwa ni uleule lakini chuma ni karibu mara tatu.

Sasa hapa kwetu anayeua madirisha si uzito, ni chumvi. Aluminiamu ikikutana na hewa inajifunika papo hapo na utando mwembamba mgumu ambao huuoni kwa macho, na ukiikwaruza utando unajirudi wenyewe. Kutu ya chuma haishikani hivyo, inavimba na kubanduka, maji ya chumvi yanapita chini yake na kuendelea kula, ndio maana unapiga redi oksaidi ya kuzuia kutu, unapiga rangi juu, na mwaka haujaisha mabaka mekundu yasharudi. Zile pembe kubwa za Moi Avenue hapa Mombasa, zenye umbo la pembe za ndovu, ambazo kila mtu anapiga picha nazo ni za aluminiamu, ziko pale tangu enzi za mkoloni na upepo wa bahari unazipiga kila siku.

Lakini grili mi nasema iwe chuma. Nondo mbili za unene mmoja, moja chuma moja aluminiamu, ukizivuta kwa nguvu sawa ile ya aluminiamu itapinda karibu mara tatu zaidi, na msumeno unaipita upesi. Mwizi hajali utando. Kwa hiyo kwa mama dirisha ni aluminiamu na grili imebaki ya chuma, hiyo tunaipaka rangi kila mwaka na hatuna njia nyengine.

Kilichonifanya niandike hasa ni skrubu. Miezi minane tu baada ya kazi nikaona unga mweupe kwenye fremu, kando ya kila skrubu, ukiugusa aluminiamu yenyewe inamomonyoka, na majirani wakasema si tulikwambia. Kumbe fundi alifunga kwa skrubu za chuma cha kawaida. Metali hizi mbili zikigusana halafu zikapata maji ya chumvi zinakuwa kama betri, umeme mdogo unapita kati yao na anayeliwa ni aluminiamu. Aluminiamu haikuwa na kosa lolote, iliwekwa pamoja na mwenzake mbaya. Ilibidi tufungue dirisha moja moja, tukaweka skrubu za stenlesi na washa za plastiki ili zisigusane na fremu, na gharama hiyo ilitoka kwa mama ambaye hakukosea chochote.

Kwa hivyo ukimwita fundi, usikazane kupima fremu kwa mkono, muulize skrubu anatumia gani na umwambie unataka kuziona kabla hajatoboa tundu la kwanza. Beba sumaku ndogo, hata ile ya spika iliyokufa. Kwenye fremu haitashika kabisa, na kwenye skrubu ikinasa kwa nguvu basi hiyo huenda ni chuma cha kawaida, mrudishie.