Saa ya hatua inasaidia, ila hizo 10,000 zisimtishe mtu
Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema saa ya mkononi ya kuhesabu hatua humzoesha mtu mazoezi, mradi afikishe hatua 10,000 kila siku. La kwanza nakubali kabisa. La pili linakatisha watu tamaa bure. Namba hiyo haikutoka kwa madaktari. Ilianzia Japani mwaka 1965, kampuni ilipouza kifaa kiitwacho Manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Utafiti wa I-Min Lee na wenzake wa Marekani, uliotoka 2019, uliona kwamba wanawake wazee waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walifariki wachache kuliko waliotembea 2,700, na faida ilikoma kuongezeka karibu na 7,500. Mimi nina presha, na wiki ya kwanza ya kuvaa saa niligundua siku nzima ya ofisini haifiki hata 3,000. Iliniuma sana. Tangu hapo nashuka basi la mwendokasi kituo cha Fire, hapa Dar es Salaam, na kutembea hadi Posta, na usiku hatua zikipungua kidogo naizunguka nyumba na mwanangu huku akinihesabia. Siku hizi hata chaji ikiisha natembea vilevile. Wenzangu mnaovaa, mlianza na hatua ngapi?