Msiba wa dakika mbili

Juzi usiku tumekaa na mama tunaangalia bongo muvi, mtoto kafiwa na mamake, basi kaburini anagaragara analia, kinanda nacho kinalia, picha ikikatwa tu keshatokea mama wa kambo na mwiko. Msiba ushaisha hapo! Mama akaguna, akasema, "Huyo ashukuru, kaburi lipo."

Nikajua anamkumbuka nani. Meli ya Spice Islander ilipozama Nungwi, Unguja, usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, zaidi ya watu 200 walikufa na wengine hawajaonekana mpaka leo, na meli ilikuwa inakuja huku kwetu Pemba. Babake mtoto wa jirani yetu hapa Wete alikuwemo. Hakuzikwa maana hakupatikana.

Siku za matanga yule mtoto kacheza gololi, kala, watu wazima wakasema huyu mdogo hajui kitu. Tena tukamwambia baba kasafiri, sasa mtu kaondoka kwa meli unamwambia mwanawe kasafiri, si atamngoja? Akamngoja kweli. Kila magharibi akitoa makubadhi ya babake uvunguni anayaweka mlangoni, vidole vimeelekea ndani, asubuhi anayarudisha. Mamake yumo edani, miezi 4 na siku 10 hatoki, kwa hiyo anatumwa yeye dukani, sabuni yeye, mafuta ya taa yeye, na muuza duka akifunua daftari la deni ukurasa bado una jina la babake. Mtoto anajua kusoma yule, lakini alikuwa anaangalia pipi tu.

Hayo ndo sijayaona kwenye filamu zetu. Na msinambie bajeti, makubadhi bei gani? Mie naona tunaogopa kimya, mtoto asipolia tunadhani watazamaji watahamisha chaneli. Wakati pale Ngome Kongwe mjini Unguja, kwenye ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar, nimeona filamu za wenzetu mtoto hasemi neno na uwanja mzima umetulia, hata wale wauza karanga.

Siku mamake alipotoka eda mtoto aliyavaa yale makubadhi mwenyewe. Makubwa, yanamvuka. Akaenda nayo dukani hivyo hivyo, hakuna kinanda, unasikia ngozi tu inaburuta kwenye mchanga, shwa, shwa, mpaka kwenye kona.