Amri ya biashara 15: mgeni yupi tunamkusudia?

Julai 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara wa Tanzania, Selemani Jafo, alitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Zimo duka la jumla na rejareja (supamaketi zimeachwa), uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu, saluni, udalali, kuongoza watalii na kununua mazao shambani. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo cha hadi miezi sita, na viza na kibali cha ukaazi kufutwa.

Wafanyabiashara wa Kariakoo, soko kubwa la Dar es Salaam, walishangilia, na siwalaumu. Mfanyabiashara wa pale huagiza mzigo Guangzhou, China, kwa kuchangia kontena na wenzake, akamlipa wakala wa forodha, akamtolea mwenye nyumba kilemba, yaani malipo ya kupewa nafasi, ndipo apate frem ya duka. Akishapanga mali, anamkuta jirani aliyetoka China anauza bidhaa ileile, mojamoja, kwa bei ya jumla, maana ndugu yake yuko hukohuko kiwandani. Mtu huyo aliingia nchini akijiita mwekezaji. Serikali inayoliona hilo ikanyamaza, wananchi wake wataihoji, na wana haki.

Ila amri haikumgusa huyo peke yake. Haiulizi mtaji, inauliza uraia tu, hivyo mwenye maghala matatu na dada wa Kirundi anayesuka nywele Kasulu, mkoani Kigoma, wamewekwa kapu moja. Fundi simu kutoka Kenya aliyepanga kibanda Arusha naye yumo. Hawa hawakuja na kontena. Wanaishi kwa kazi ya mikono yao, na kwa wateja wanaorudi kwa sababu wameridhika.

Kenya ililalamika kwamba amri inakwenda kinyume na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010 na inayotambua haki ya raia wa nchi wanachama kuanzisha biashara kwa jirani. Hoja ina uzito, japo watetezi wa amri nao hujibu kwamba itifaki ina majedwali yenye masharti ya kila nchi. Nami naongeza kwamba Nairobi si mgeni wa jambo hili. Sheria yake ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwabana wasio raia, maelfu ya Waasia wakaondoka kwenda Uingereza, na mwaka uliofuata Uingereza nayo ikabana mlango.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni utekelezaji mtaani. Kiha na Kirundi vinasikilizana kiasi kwamba Muha wa Kigoma, mzaliwa wa hapa na babu yake wa hapa, huulizwa vitambulisho kwa sababu ya lafudhi. Wapo pia Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Tanzania iliwapa uraia zaidi ya 160,000 kati ya wakimbizi hao na watoto wao, wengi wao wakaazi wa makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Nchi chache duniani zimewahi kufanya hivyo kwa wingi huo. Watu hao ni Watanzania wenye vyeti, lakini matamshi hayakubadilika siku ya kukabidhiwa vyeti. Mtaa ukishaambiwa kuwa mgeni anaiba riziki, nani atasubiri cheti kisomwe?

Kuna kipengele kimoja ninachokiunga mkono bila kusita: raia anayemsaidia mgeni kukwepa amri hutozwa faini ya shilingi milioni 5 au hufungwa hadi miezi mitatu. Anayeazimisha jina lake kwenye leseni ili mwingine auze amejificha muda mrefu mno, huku hasira zote zikimwangukia yule anayeonekana dukani.

Ningekuwa na kalamu ya waziri, ningewaondolea wananchi wa Afrika Mashariki katazo la saluni na ufundi simu, na kwenye maduka ningeweka kipimo cha mtaji. Mwenye maghala aliyekiuka kibali aondolewe, lakini kwa barua na muda wa kujitetea, si kwa kuzomewa na kurekodiwa kwa simu. Uhamiaji wana faili lake, na ndani yake imeandikwa alikuja kufanya nini. Ukaguzi uanzie hapo, na uanze na wenye mitaji mikubwa, kabla afisa yeyote hajatumwa Kasulu kuulizia msusi.