Bosi Hupewa Dirisha, Fundi Hupewa Moshi

Chukua ripoti ya mwaka ya kampuni yoyote kubwa ya Nairobi, ufungue kurasa zenye picha. Mkurugenzi mtendaji amesimama kando ya dirisha huko Upper Hill, uso umepata mwanga pande zote, shati limenyooka, mji umetandazwa nyuma yake. Geuza kurasa chache. Fundi anayetengeneza bidhaa ile ile iliyolipia lile dirisha yuko gizani, nusu ya uso imemezwa na kivuli, jasho linametameta, cheche zinaruka, na mara nyingi picha yenyewe imenyimwa hata rangi. Wote wawili wamepigwa na mpiga picha mmoja, wiki moja, kwa mkoba mmoja wa taa.

Mimi naishi kwa kazi hii ya kupiga watu picha mahali pao pa kazi, mara kwa majarida, mara kwa mawakala wa matangazo. Kadiri ninavyoziona kurasa hizo ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba lile giza hatulikuti kwa fundi. Tunakwenda nalo. Karakana za Kamukunji, eneo la mafundi wa bati hapa Nairobi, saa nne asubuhi hazina giza la namna hiyo, nenda uone mwenyewe. Kulipata kuna kanuni yake: unafunga tundu la lenzi hadi f/11, unapandisha kasi ya shata hadi 1/200 au 1/250 ya sekunde, ambapo kamera nyingi hufikia kikomo zikitumia flashi ya kawaida, na mwanga wa mahali unazimika. Kisha unamulika flashi moja ndogo kutoka ubavuni. Dakika mbili, kazi imekwisha, mteja anasema picha ina nguvu. Wako hata wanaochoma maboksi nje ya fremu ili moshi upite mbele ya kamera, ndani ya karakana ambayo tangu asubuhi haijawashwa moto.

Taa inaweza kuhukumu mtu, na waliotutangulia walilijua hilo vizuri. Arnold Newman, Mmarekani anayetajwa mara kwa mara kuwa baba wa aina hii ya picha, alimpiga Alfried Krupp mwaka 1963 kwa kazi ya jarida la Newsweek. Krupp alikuwa mwenye viwanda wa Ujerumani aliyetiwa hatiani Nuremberg mwaka 1948 kwa kuwafanyisha watu kazi za kitumwa wakati wa vita. Newman alikuwa Myahudi. Alimkalisha Krupp juu, kiwanda chake kikionekana nyuma, akaweka taa pande zote mbili ili katikati ya uso pabaki kivuli, akamfanya ainame mbele kidogo na mikono chini ya kidevu. Aliyetoka kwenye picha ile ni shetani aliyevaa suti. Newman alijua anamhukumu nani, na kwa kosa gani. Sasa niambie, fundi wa masanduku wa Kamukunji amekosa nini?

Sehemu ya tabia hii tumeirithi. Kwa miaka mingi rangi za filamu za Kodak zilipimwa kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zile zilizoitwa kadi za Shirley, na ngozi nyeusi ikawa inazama mpaka yanabaki macho na meno. Inasimuliwa kwamba malalamiko yaliyosukuma mabadiliko ni ya watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha, ambao bidhaa zao hazikutoka vizuri. Kamera za leo haziwezi kulaumiwa hivyo. Ukiona fundi amezama kwenye picha ya mwaka huu, kuna mtu aliyeamua azame, au hakuangalia.

Basi nieleze ninavyofanya mimi, kwa sababu maneno ya heshima bila vipimo hayamsaidii mtu aliyeshika kamera.

Nairobi iko digrii moja na kitu kusini mwa ikweta. Mwezi Machi na Septemba jua la adhuhuri husimama karibu wima juu ya utosi, na mtu aliyetolewa nje hupigwa paji la uso huku macho yakipotea. Jioni nayo haikungoji: jua letu hushuka moja kwa moja, na ule mwanga wa dhahabu ambao wenzetu wa Ulaya huupata kwa muda mrefu wakati wa kiangazi, sisi tunaunusa tu. Kwa hiyo simtoi fundi nje. Ninamwacha chini ya mabati yake, hatua moja au mbili ndani ya mstari wa kivuli, ameelekea barabarani. Hapo uwazi wote wa mbele ya karakana umegeuka taa, kubwa kuliko softboksi yoyote, kile kisanduku cha kitambaa cha kulainisha mwanga, utakayouziwa Luthuli Avenue. Bati jipya lililoegemezwa nje linarudisha mwanga bure. Wakati wa kipupwe, Julai na mawingu yake, mambo huwa rahisi zaidi, na nashangaa wateja wanaoahirisha kazi eti wanangoja jua.

Picha ya kwanza napiga bila flashi. Nacheza na kasi ya shata mpaka karakana ionekane kama macho yangu yanavyoiona: nyundo, makopo ya rangi, masanduku yaliyopangwa hadi kwenye paa. Shata ndiyo inayotawala mwanga wa mahali. Flashi hupita upesi mno kuijali, mradi usivuke kile kikomo. Ndipo naleta mwavuli mmoja mweupe, upande ule ule ambao mwanga wa barabara unaingilia, kwa nguvu ndogo, kama stopu moja chini ya mwanga uliopo, yaani nusu yake. Kazi yake ni kuamsha macho na kufungua kivuli chini ya kofia. Mtazamaji akigundua kwamba kulikuwa na taa, nimezidisha.

Halafu umbali. Taa iliyosogezwa kutoka mita 2 hadi mita 1 humfikia mtu kwa nguvu mara nne, na kwa ngozi yake inakuwa imekua pia. Hapo ndipo wengi hukosea na ngozi nyeusi: wanadhani inataka taa kali, kumbe inataka taa kubwa. Taa ndogo huacha vitone vyeupe kwenye paji na puani. Taa kubwa iliyo karibu hutandaza mng'aro mpana shavuni, na ule mng'aro ndio unaochora mfupa wa uso. Kipimo cha mwanga kichukuliwe usoni. Kamera ikiachwa ijiamulie mbele ya ukuta mweupe, itautia ukuta ukijivu na mtu ataungua kuwa mweusi tititi. Mbele ya masizi itafanya kinyume, itampausha.

Ofisini sina mengi ya kusema, kwa sababu pale kila kitu kimekwisha kupangwa kwa faida ya anayepigwa. Zima taa za mirija za dari, maana hutia ukijani chini ya macho. Zikigoma kuzimwa, kumbuka umeme wetu ni wa hezi 50, taa za aina hiyo na baadhi ya balbu za LED hupepesa mara 100 kwa sekunde, na shata ya haraka itakuachia mistari. Baki kwenye 1/50 au 1/100. Angalia usijipige wewe mwenyewe kwenye kioo. Basi.

Jambo linalonikera kuliko taa ni nguo. Bosi hupigiwa simu siku mbili kabla aambiwe avae suti ya rangi gani, na asubuhi hiyo huletewa mtu wa vipodozi. Fundi huambiwa abaki alivyo. Nilikuwa na mwakilishi wa wakala mmoja, na mzee tuliyemkusudia alipotuona akachota maji anawe uso. Mwakilishi akamkimbilia: "Mzee, tafadhali usijipanguse, tunakutaka hivyo hivyo." Mzee akamtazama, maji yakimchuruzika mkononi. "Kijana yangu," akamwambia, "wewe umekuja kazini bila kunawa?" Akanawa. Akatoa shati safi lililokuwa limetundikwa nyuma ya mlango, akavaa aproni yake ya ngozi juu yake, akasimama. Aproni peke yake ilikuwa na masizi ya kutosha kwa jarida lolote.

Najua jibu la wenzangu, tena wengine ni wapiga picha wazuri kunishinda. Wanasema kazi ya jua kali, hii ya mafundi wa karakana ndogo, ni ngumu, na ukiitia mwanga laini unasema uongo, unafanya jasho lipendeze ili kampuni iuze. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini mbona haitumiki Upper Hill? Kama ukweli wa kazi ni lazima uonekane usoni, basi mkurugenzi aliyepunguza wafanyakazi mwezi uliopita naye apewe flashi ya ubavuni. Gordon Parks alipompiga Ella Watson mwaka 1942, mwanamke aliyekuwa akifagia ofisi za serikali Washington, hakuficha ugumu wowote: ufagio mkononi, bendera ya Marekani nyuma, macho yamechoka. Hata hivyo anaonekana uso mzima, amesimama wima, anatutazama. Tena Parks hakuishia hapo, alimfuata hadi nyumbani na kanisani kwake. Ugumu wa maisha ulikuwa kwenye vitu na kwenye macho, na taa haikulazimika kuuongezea chumvi.

Nyumbani na kanisani maana yake ni muda, na muda ndio unaotushinda. Ratiba ya kawaida ya kazi ya kampuni humpa bosi saa nzima ya asubuhi, kisha mafundi "tutawapitia" jioni, watano kwa mpigo, jua likizama na dereva akipiga honi. Mimi nageuza ratiba, na sababu ninayompa mteja ni ya kiufundi, kwa hiyo haipingwi: ofisi ina mapazia na umeme, inaweza kupigwa hata saa saba mchana, karakana inategemea anga, basi ianze saa mbili asubuhi. Hadi leo hakuna mkurugenzi aliyelalamika kuwekwa mchana. Huwa wana mikutano asubuhi hata hivyo.

Limebaki la karatasi. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi uliyoagizwa na mteja huhesabiwa kwamba hakimiliki yake imehamia kwake, isipokuwa mkataba useme vingine. Maana yake, usipoandika mpaka wa matumizi, uso wa yule mzee uliopigwa kwa ajili ya ripoti unaweza kuishia kwenye bango Thika Road likitangaza mkopo, na wewe huna la kusema. Yeye anayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, nayo si mapambo: mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi milioni 1.85 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Fomu yangu ya idhini ni ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, inataja wazi jarida, ripoti, mtandao na mabango, kila kimoja na kisanduku chake cha kutia alama, na malipo ya ziada kwa bango. Hutiwa sahihi kabla kamera haijatoka mkobani. Wakala mmoja aliniuliza kwa nini fomu hiyo hiyo nampelekea mkurugenzi naye, hali kampuni ni yake. Nikamwambia nina aina moja tu ya fomu.