Kinyota Pembeni ya Saa

Mimi na mlima hatujawahi kugombana. Yeye kwake, mimi kwangu. Tunatazamana kwa mbali dirishani, yeye kajifunika wingu, mimi nimejifunika shuka, na heshima imetawala. Aliyekuja kutuchonganisha ni shemeji.

Na shemeji, mnajua wenyewe, hakataliwi. Ndugu yako wa kuzaliwa unaweza kumwambia potelea mbali, mkanuniana wiki mbili, yakaisha. Kaka wa mkeo ukimwambia hapana, hiyo hapana inafika chumbani kabla hujaweka simu chini. Kwa hiyo aliponipigia Ijumaa usiku, "Shemeji, keshokutwa tunapanda mlima, tena kwa basi tu, gari la nini!" niliusikia mdomo wangu ukijibu, "Bila shaka, shemeji." Mdomo huu iko siku nitaushtaki.

Falsafa yake ni hii. Mwenye gari, eti, ni mfungwa. Akipanda mlima lazima arudi palepale alipoliacha, kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mtu wa basi anaingia upande huu wa mlima anatokea upande wa pili, haoni jiti moja mara mbili. Kisha akanipeleka Uswisi, maana shemeji kila hoja yake lazima ipitie Uswisi ipigwe muhuri. Kule wana zaidi ya kilomita 60,000 za njia za miguu, vibao vya njano kila njia panda, na unaposhuka bondeni unakuta basi la njano kijijini. Sawa, sibishi, hoja ina mashiko, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Ila gari nalo lina sifa yake moja ambayo shemeji hakuitaja: haliondoki bila mwenye funguo.

Jumapili alfajiri nikajikuta kituoni nimeshika fimbo. Ratiba ilikuwa karatasi moja nyuma ya plastiki iliyopaushwa na jua, na ndani yake mdudu aliyekufa miaka hiyo kalala juu ya tarakimu, hujui basi ni la 1:10 au la 1:40. Na pembeni ya kila saa ya maana, kinyota. Hicho kinyota kina hila. Kinakuelekeza chini kabisa ya karatasi, kwenye maandishi ya ukubwa wa mayai ya chawa, unapiga magoti na miwani yako, unasoma: "Halipo Jumapili na sikukuu." Yaani aliyepanga ratiba anaamini watu wanapanda milima Jumatatu asubuhi, halafu Jumapili wanakwenda kazini.

Tukasubiri lisilo na kinyota. Likaja. Abiria wote wamevaa nguo za watu, sisi wawili tumevaa kama tunakwenda kuzima moto wa msituni. Begi la mgongoni halijui kukaa: ukilivaa unampiga mtu wa nyuma, ukilipakata huoni mbele, ukiliweka njiani kila anayepita analiruka na kukutazama wewe. Na vituo vya mlimani havina mji wala duka, basi halisimami mpaka ubonyeze kengele. Shemeji alikuwa anaisoma ramani, mimi nilikuwa naomba radhi. Tulipobonyeza, kituo kilikuwa kimeshatupa mgongo. Kwa hiyo kilomita ya kwanza ya safari yetu ya mlimani tulitembea kando ya lami, kurudi nyuma, magari yakitupigia honi.

Pale njia inapoanzia, shemeji akapiga hesabu. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia mpaka leo: kila kilomita 5 hesabu saa moja, na kila mita 600 za kupanda ongeza saa nyingine. "Sisi tuna kilomita 15, mwinuko mita 600. Saa tatu na moja, nne. Sasa hivi saa 4 asubuhi. Saa 8 mchana tumeshuka upande wa pili, basi la mwisho saa 11:10. Tuna saa tatu nzima za kupiga picha, shemeji!"

Sikumwambia kitu. Lakini nilijiuliza huyo Naismith alikuwa anatembea na nani. Kanuni yake haina nafasi ya kufunga kamba za viatu. Haina nafasi ya kutoa jiwe, ya kurudi kufuata kofia, wala ya kusimama "kutazama mandhari," ambalo ndilo jina la heshima la kutafuta pumzi. Nilitazama mandhari mara thelathini hivi katika saa ya kwanza. Mandhari yenyewe ilikuwa kisogo cha shemeji.

Ramani nayo ni mnafiki wa aina yake. Mlima mzima kaulaza bapa kwenye karatasi, kazi kwako kuunyanyua kwa akili. Siri iko kwenye ile mistari ya kontua: ikiachana, unatembea, ikisogeleana, unapanda, ikibanana kabisa, unatubu. Kuna mahali kwenye ramani yetu nilidhani mtu kaacha alama ya kidole gumba. Nikamwonyesha shemeji. Akasema, "Hapo ndipo tunapopita."

Kilele nitakisema kwa ufupi maana sikukaa. Kadiri unavyopanda, joto hupungua, wastani digrii sita na nusu kila mita 1,000, kwa hiyo kwa mita zetu 600 shemeji akasema nitegemee digrii nne tu. Digrii nne za kwenye karatasi. Hakuutaja upepo, na upepo ulikuwa umekuja na familia yake yote. Jasho la kupandia likanigandia mgongoni kama kitambaa kibichi, nikapigwa picha nikitabasamu kwa meno yanayogongana, tukashuka. Saa zilikuwa 8 kasoro robo. Kwa hesabu ya Mskoti, tulitakiwa tuwe tunakaribia kituo.

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Hawakusema atashuka na magoti ya nani. Mimi nilidhani kushuka ndiyo malipo, kumbe kupanda kunakula pumzi na kushuka kunakula miguu. Misuli ya mapaja inageuka breki: inavutika huku inajikaza, hatua baada ya hatua, na ndiyo maana mtu hulemazwa na mteremko kuliko mpando. Shemeji alinieleza yote hayo kwa upole, kisha akanifariji: "Usiogope, shemeji. Maumivu yenyewe hayajaja. Yanakolea keshokutwa."

Halafu lengelenge. Lilianza kama ujoto tu kwenye kisigino cha kulia. Wenye mlima wanasema ukisikia ujoto simama hapo hapo, vua kiatu, bandika plasta. Mimi nikaona haya kusimama tena, mandhari nilikuwa nimeshayamaliza. Nusu saa baadaye nikavua. Lilikuwa limekaa pale limetulia, la mviringo, limejaa maji, linang'aa, limekwaruzwa pembeni na mshono wa soksi. Shemeji akainama akalitazama muda mrefu, kama mtu anayechagua embe, akasema, "Zuri." Viatu vilikuwa vipya. Kila mtu duniani anajua viatu vipya havipelekwi mlimani kabla ya kuvaliwa wiki kadhaa nyumbani. Kila mtu isipokuwa niliyeviona vinapendeza.

Ilipofika saa 10 na nusu ndipo nilipoelewa. Mlima hauna ugomvi na mtu. Unaweza kuchelewa kwake mpaka kesho, hautaondoka. Tatizo ni lile basi. Kuanzia hapo sikuona ua wala ndege, niliona dakika. Alama za rangi kwenye miti nikazisoma kama mshale wa saa. Shemeji akaanza kusimulia jinsi Wafaransa walivyoanza kupaka zao nyekundu na nyeupe mwaka 1947, nikamwambia, kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu, "Shemeji, nyamaza tukimbie."

Tukakimbia. Mimi na kisigino changu, begi likinipiga makofi mgongoni, fimbo ikiingia katikati ya miguu kutaka kujua kinachoendelea. Barabara ilikuwa inaonekana kule chini ikijipinda kama utumbo, na kila pinda nililiona basi. La kwanza lilikuwa lori. La pili lilikuwa jabali. Tukaruka mfereji, tukapita katikati ya ng'ombe walioshangaa sana, tukatua kituoni saa 11 na dakika 6. Dakika nne kabla! Sijawahi kuwahi kitu namna hiyo, hata harusi yangu.

Basi lilikuja saa 12 kasoro dakika tano.

Hizo dakika 49 shemeji alizitumia kujinyoosha. Mimi nilikaa juu ya begi nikazihesabu zile nilizokimbia, moja moja, nikizidai. Lilipofika, dereva alikuwa yuleyule wa asubuhi. Akatazama tope la suruali zetu, akatazama viti vyake, akahema. Tukaenda nyuma kabisa. Basi lilijaa mpaka watu wakasimama, lakini kiti cha pembeni yangu kilibaki kitupu, nami nilielewa, nilikuwa nimeshajinusa.

Kosa ni kukaa. Misuli iliyopoa haipokei amri. Kituo chetu kilipokaribia nilibonyeza kengele kwa wakati, bila kukosea, kama mtu mzima. Mlango ukafunguka. Nikaiambia miguu: haya. Miguu ikanitazama. Shemeji alikuwa amelala mdomo wazi. Mlango ukafunga, basi likaondoka, na kituo chetu kikapita dirishani taratibu, na taa zake, na ile plastiki yake, na mdudu wake.

Tulishuka mwisho wa njia, maana pale dereva alizima injini na hapakuwa na hiari. Shemeji akatoa ramani. "Kilomita 4 tu mpaka nyumbani, shemeji, na hakuna mwinuko. Kwa hesabu ya Naismith hata saa moja haifiki."

Sikumjibu. Nilijikokota hadi kwenye nguzo ya kituo, nikawasha tochi ya simu, nikatafuta basi la kurudi. Lilikuwepo! Saa 1 na nusu usiku, dakika kumi tu zimebaki. Nikataka kumkumbatia mtu. Nikasogeza tochi karibu, na pembeni ya saa, kadogo, kametulia, nikakaona.