Stampu za kauri: posta ya Uganda ilikuwa ya nani?

Machi 1895, huko Mengo, makao makuu ya ufalme wa Buganda, mmisionari wa Kianglikana Ernest Millar alikaa mbele ya taipureta yake akaanza kutengeneza stampu. Alizipiga moja moja: herufi U na G juu, tarakimu chini yake, vistari kuzunguka, yote juu ya karatasi nyepesi. Thamani ikihitaji kubadilishwa, ilirekebishwa kwa kalamu. Na tarakimu ile haikuwa ya senti wala anna, ile sehemu ya kumi na sita ya rupia. Ilikuwa idadi ya kauri, zile simbi za pwani zilizokuwa pesa ya sokoni Buganda, 200 kwa rupia moja.

Wapo wanaoona hapa mkono wa mkoloni tu, na hoja yao ni nzito. Uganda ilikuwa imetangazwa kuwa himaya ya Uingereza mwaka mmoja tu kabla. Aliyeagiza stampu hizo ni ofisa wa Kiingereza, George Wilson, na maofisa na wamisionari ndio waliohitaji zaidi barua zao zifike. Utawala usio na habari za vituo vyake hautawali. Mifuko yenyewe ilibebwa na matarishi wa kienyeji, kwa miguu.

Lakini kauri zinanizuia kukubali hoja hiyo nzima nzima. Kama posta ingekuwa ya Wazungu peke yao, rupia ingetosha. Kuandika bei kwa kauri ni kukiri kwamba anayekuja dirishani anaweza kuwa ametoka gulioni. Tena wasomaji walikuwepo: misheni ilifika Buganda mwaka 1877, na kufikia miaka ya tisini Waganda wengi walikuwa wamejifunza kusoma na kuandika kwa Kiganda. Hawa walikuwa na ya kuandikiana.

Sisemi ilikuwa rahisi kwao. Stampu ya kauri 50 ni robo rupia, na hiyo si pesa ya kuchezea. Ila mlango uliachwa wazi, na kwangu hilo lina uzito.

Haukukaa wazi muda mrefu kwa namna ile. Mwaka 1896 zilikuja stampu za kupigwa chapa kwenye mashine ya misheni, bei zikiwa kwa anna na rupia, na 1898 zikaja za London, zenye sura ya Malkia Victoria. Kauri zikatoka kwenye bahasha. Kwenye Kiganda hazikutoka: pesa mpaka leo ni ensimbi.