Miaka Minne Yiwu, Nalijua Soko Tu

Mama mkwe kapiga simu ya video juzi. "Baba Asha, Ukuta wa China umeshaupanda?" Nikamwambia mama, kutoka huku Yiwu, mji wa soko la jumla mashariki mwa China, hadi Beijing kwenye huo Ukuta ni zaidi ya kilomita 1,000, ni kama Dar na Mwanza. Akaguna. Mtoto wa jirani alikwenda China siku tisa tu na picha ya Ukuta anayo, tena kavaa miwani.

Aibu gani hii jamani. Miaka minne nawatafutia watu wa Kariakoo mizigo, na ukiniuliza mji ukoje, nakueleza soko. Lina vibanda zaidi ya 75,000. Kila kibanda ukikipa dakika tatu, saa nane kwa siku, unamaliza baada ya mwaka na zaidi, na hapo hata kibanio hujanunua. Maisha yangu ni chumbani, sokoni, ghalani, kwa Waarabu kula wali, chumbani.

Jumapili nikasema liwalo na liwe. Simu nikaitoa sauti, nikapanda basi kwenda Fotang, mji mkongwe kando ya mto, kusini huko. Kushuka tu, nusura pikipiki ya umeme inichukue kisigino. Hivi vidude havina mlio! Bongo bodaboda unaisikia ingali mtaa wa pili, unapata muda wa kupiga shahada. Huku unashtukia usukani uko kwapani.

Mji wenyewe mzuri, sikatai. Nyumba za mbao, vichochoro vya mawe, mto umetulia. Mzee mmoja anauza sukari guru. Sukari hiyo ndiyo iliyoanzisha yote: mababu wa hapa walizunguka vijijini wakiibadilisha kwa manyoya ya kuku, biashara ikakua mpaka 1982 wakafunguliwa soko rasmi. Manyoya ya kuku! Nikahesabu kuku wote tuliochinja kwetu kila Iddi, manyoya yote jalalani. Nikaumwa na kichwa.

Nikatoa simu nipige picha ya kumtumia mama mkwe. Jicho likaangukia meza ya zawadi za watalii. Upepeo wa karatasi, yuani 15. Kumi na tano! Upepeo huo huo nimeupakia kwenye kontena mwenyewe kwa yuani moja na nusu. Kabla sijajizuia, Kichina changu cha sokoni kikanitoka: "Katoni moja zinaingia ngapi?"

Mama muuzaji akanitazama toka viatu hadi kofia. Akainama chini ya meza, akanipa kadi. Kibanda cha mpwa wake, jengo la pili la soko, ghorofa ya kwanza. Hatua ishirini kutoka ninapokunywa chai kila asubuhi.

Kucheki simu, mara kumi na moja Kariakoo wamepiga, na ujumbe juu: "Kaka umepotelea wapi? Nitafutie pepeo za harusi, za karatasi."